Ceaușescu na Deni Lililolipwa kwa Matumbo ya Watu

Mjadala wa deni la taifa unapopamba moto, iwe Nairobi au Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kumtaja Nicolae Ceaușescu. Rais wa Romania aliyelipa deni lote la nje, wanasema, kisha watu wake wasio na shukrani wakampiga risasi. Kwamba alilipa ni kweli. Aprili 1989 aliitangazia Kamati Kuu ya chama chake kuwa Romania haidaiwi tena, na mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku nchi kukopa nje. Deni lililokuwa limepita dola bilioni 10 mwanzoni mwa muongo lilikuwa limefutika. Wanaomsifu huishia hapo. Hawasemi zile dola zilitoka kwenye sufuria ya nani na kwenye chumba cha nani kisicho na moto wakati wa baridi. Nami naona asiyeyajua hayo hajamjua Ceaușescu.

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1918 katika kijiji cha Scornicești, kusini mwa Romania, katika familia ya wakulima yenye watoto wengi. Akiwa na miaka 11 hivi alikwenda Bucharest kujifunza ushonaji viatu. Alijiunga na chama cha kikomunisti kilichokuwa kimepigwa marufuku, akakamatwa mara kadhaa, akafungwa gereza la Doftana, na wakati wa vita akawekwa kambi ya Târgu Jiu pamoja na Gheorghe Gheorghiu-Dej. Huyo ndiye aliyekuja kuitawala Romania baada ya vita, na ndiye aliyempandisha kijana wake cheo baada ya cheo. Alipofariki Machi 1965, wazee wa chama walimpitisha Ceaușescu, mwenye miaka 47, wakimwona mdogo na mtiifu. Ndani ya miaka michache alikuwa amewaondoa karibu wote.

Jina lake lilipaa Agosti 21, 1968. Majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa nchi za kikomunisti chini ya Moscow, yalipoivamia Chekoslovakia, Romania haikupeleka askari hata mmoja, naye akasimama kwenye roshani ya makao makuu ya chama akaulaani uvamizi huo mbele ya umati. Watu walimshangilia kwa moyo wao. Nchi za Magharibi nazo zikamfungulia milango: Nixon alimtembelea mwaka 1969, Romania ikaingia Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1972, na Juni 1978 Malkia Elizabeth alimkaribisha London kwa ziara ya kitaifa. Urafiki huo ulikuwa na thamani ya fedha. Benki za Magharibi zilimkopesha bila kumhoji sana, kwa kuwa alionekana mkomunisti mwenye ujasiri wa kubishana na Moscow.

Mikopo ilikwenda kwenye viwanda vizito: chuma, alumini, kemikali, na mitambo ya kusafisha mafuta. Hii mitambo ndiyo iliyoharibu hesabu. Romania ina mafuta yake, maarufu yakiwa ya Ploiești, lakini uzalishaji ulifika kileleni mwaka 1976, karibu tani milioni 15, kisha visima vikaanza kupungua nguvu. Mitambo iliyojengwa ilihitaji zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka ili ifanye kazi yote. Mpango ulikuwa kununua mafuta ghafi Mashariki ya Kati, hasa Iran, kuyasafisha, na kuuza petroli na dizeli Magharibi kwa faida. Mwaka 1979 Shah wa Iran akaanguka na bei ya mafuta ghafi ikaruka. Romania ikajikuta inanunua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei isiyorudisha gharama, huku kuzima mitambo nako kukiwa hasara. Riba ya dola ikapanda wakati huohuo. Halafu Poland ikashindwa kulipa madeni yake mwaka 1981, na benki zikaacha kuikopesha Ulaya Mashariki yote. Romania ikaomba ratiba mpya ya malipo, ikapewa.

Mpaka hapo yaliyoikuta Romania yaliikuta Mexico, Zaire, Zambia na Tanzania pia. Tofauti ni uamuzi uliofuata. Wadai walikuwa wamekubali kusogeza malipo, na hakuna aliyedai kulipwa chote kwa mkupuo. Lakini masharti ya IMF Ceaușescu aliyaona kama kuingiliwa katika mambo ya nchi, na Desemba 1982 akaamuru deni lote limalizwe kabla ya 1990. Njia ilikuwa mbili tu: kukata bidhaa kutoka nje na kuuza nje kila kinachouzika. Sasa, Romania ya wakati ule ilikuwa na nini cha kuuza kwa dola? Mashine zake zilikuwa duni na zilipata soko kwa bei ya kutupa. Vilivyouzika bila shida vilikuwa nyama, mayai, jibini, mvinyo na mafuta yaliyosafishwa. Hata watu waliuzwa. Ujerumani Magharibi ililipa kwa marki kwa kila Mromania wa asili ya Kijerumani aliyeruhusiwa kuhama, na hadi 1989 zaidi ya 200,000 walikuwa wameondoka kwa utaratibu huo ulioanza miaka ya 1960.

Nyumbani ukaanza mgao. Oktoba 1981 ilitolewa amri ya kumfunga hadi miaka mitano mtu atakayekutwa na chakula cha kuzidi mahitaji ya familia kwa mwezi mmoja. Viwango vilitofautiana mkoa kwa mkoa, na Bucharest ilikuwa na nafuu, lakini sehemu nyingi mtu mmoja alipata mkate gramu 300 kwa siku, sukari kilo moja na mafuta ya kula lita moja au pungufu kwa mwezi, na mayai yasiyozidi kumi. Nyama haikuwa na uhakika wowote. Minofu na mapaja yalipakiwa kwenda nje. Madukani kilibaki kilichokataliwa na wanunuzi wa nje: miguu ya nguruwe, vichwa, shingo na miguu ya kuku. Foleni ilianza saa kumi alfajiri, mara nyingi bila watu kujua kitakacholetwa. Bibi na babu waliostaafu ndio walioshika nafasi kwa niaba ya familia, wengine wakiweka chupa au mfuko chini kama alama ya zamu yao.

Serikali iliipa njaa hiyo jina la sayansi. Mwaka 1982 ulitangazwa mpango wa lishe ulioandaliwa na madaktari wa serikali, ukisema Waromania wanakula kupita kiasi na kwamba kupunguza chakula ni kwa faida ya afya yao. Hilo ndilo linalonichoma zaidi katika habari za mgao. Mtu mwenye njaa anaweza kuielewa shida, lakini hapa aliambiwa njaa yake ni tiba.

Nishati nayo ilipimwa. Petroli ilikuwa lita 30 kwa mwezi kwa gari, na katika majira mabaya ya baridi magari binafsi yalizuiwa kabisa barabarani. Chumba kiliruhusiwa taa ndogo, balbu ya wati 40. Majengo yalipashwa moto hadi nyuzi 12 au 14 wakati nje ni chini ya sifuri, kwa hiyo watu walilala na makoti na kofia. Gesi ya kupikia ilikuwa na msukumo dhaifu mchana kwa kuwa viwanda vilipewa kwanza. Akina mama waliamka usiku wa manane, gesi iliporudi, wakapika chakula cha kesho. Umeme ukikatika, ulikatika hospitalini pia. Televisheni ilirusha matangazo saa mbili tu kwa siku za kazi, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa ziara na hotuba za Ceaușescu na mkewe Elena.

Je, Ceaușescu alijua? Ninavyoona, alijua kiasi, na alichokijua hakikumbadilisha. Mfumo aliojenga ulikuwa mashine ya kutengeneza uongo unaopanda juu. Mkurugenzi wa shamba la serikali aliongeza tani kidogo ili asifukuzwe, katibu wa wilaya naye akaongeza, mkoa ukaongeza, ilipofika Bucharest takwimu haikuwa na uhusiano na kilichovunwa. Kwa mwaka 1989 ilitangazwa kuwa Romania imevuna nafaka tani milioni 60. Baada ya mapinduzi ilibainika ni chini ya milioni 20. Tatizo la uongo wa aina hii ni kwamba ukishaandikwa unakuwa msingi wa mipango: kiasi cha kuuza nje kilipangwa kwa kuangalia mavuno ya karatasini, kisha kikachukuliwa kutoka kwenye mavuno halisi. Upungufu wote ukaangukia sahani ya raia.

Kabla ya mgao wa chakula, serikali ilikuwa imeshaingia kwenye miili ya wanawake. Oktoba 1966, mwaka mmoja na nusu tu tangu ashike madaraka, Ceaușescu alitoa Amri namba 770. Utoaji mimba, uliokuwa halali tangu 1957 na uliokuwa njia kuu ya kupanga uzazi, ukapigwa marufuku isipokuwa kwa mwanamke mwenye zaidi ya miaka 45, mwenye watoto wanne au zaidi, aliyebakwa, au ambaye maisha yake yako hatarini. Baadaye masharti yalikazwa zaidi. Dawa na vifaa vya uzazi wa mpango havikuagizwa wala kutengenezwa, vikabaki vya magendo. Watu wasio na watoto, wakipita miaka 25, walitozwa kodi ya ziada, wawe wameoa au hawajaoa.

Matokeo ya haraka yalikuwa makubwa. Mwaka 1966 walizaliwa watoto 273,678. Mwaka 1967 walizaliwa 527,764. Hospitali za wazazi hazikuwa na vitanda, kinamama walilazwa wawili kitanda kimoja. Lakini watu walijifunza haraka. Kufikia 1983 idadi ya wanaozaliwa ilikuwa imerudi karibu 321,000, na sera ikawa imeshindwa kwa kipimo chake yenyewe. Badala ya kuiacha, serikali ikaongeza askari. Wanawake wa viwandani walipimwa na madaktari kazini kila baada ya miezi michache ili mimba igunduliwe mapema, na iliyogunduliwa ikafuatiliwa hadi kujifungua. Wadi za wanawake ziliwekwa maofisa wa usalama. Mwanamke akiletwa anavuja damu, daktari hakuruhusiwa kumsafisha mpaka mwendesha mashtaka aarifiwe na mgonjwa amtaje aliyemsaidia.

Hapo ndipo kifo kilipoingia. Mimba zilitolewa vyumbani kwa mrija wa mpira usiochemshwa, kwa dawa za sindano zisizojulikana, kwa maji ya limau au chumvi. Uambukizo ukianza, tiba ni kusafisha kizazi na kumpa mgonjwa dawa za vijidudu ndani ya saa chache. Saa hizo zililiwa na mahojiano, au na hofu ya mgonjwa mwenyewe ya kwenda hospitali. Sumu ilipoingia kwenye damu, figo zilikufa, na baada yake mgonjwa. Zaidi ya wanawake 9,000 walihesabiwa kufa kwa namna hii hadi 1989, na hao ni walioandikwa. Mwaka 1989 Romania ilikuwa na vifo vya wajawazito karibu 170 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kiwango cha juu kuliko nchi yoyote ya Ulaya, na zaidi ya vinane kati ya kila kumi vilitokana na utoaji mimba. Amri ilifutwa Desemba 26, 1989. Katika mwaka mmoja vifo vilipungua kwa nusu. Hakukuwa na hospitali mpya wala dawa mpya. Ilifutwa karatasi moja.

Watoto waliozaliwa bila wazazi kuwa na uwezo wa kuwalea waliishia makao ya serikali. Mwaka 1989 yalikuwa na watoto zaidi ya 100,000. Wafanyakazi walikuwa wachache mno, na shule za wauguzi zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa miaka ya 1970. Watoto wachanga walifungwa vitandani kwa kuwa hapakuwa na wa kuwashika, wakakua bila kujifunza kuongea. Kulikuwa pia na desturi ya kuwapa watoto dhaifu damu kidogo kidogo ili wapate nguvu. Damu haikupimwa, kwa kuwa serikali haikukubali kwamba UKIMWI upo Romania, na sindano moja ilizunguka kitanda hadi kitanda. Mwishoni mwa 1990 zaidi ya wagonjwa 1,000 wa UKIMWI walioorodheshwa nchini walikuwa watoto, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote.

Sasa ukitaka kujua kama kweli nchi haikuwa na uwezo, tazama kilichokuwa kikijengwa miaka hiyohiyo ya kufunga mikanda. Juni 1984 ulianza rasmi ujenzi wa jumba lililoitwa Nyumba ya Watu mjini Bucharest, chini ya msanifu kijana Anca Petrescu. Lina mita za mraba 365,000 na urefu wa mita 84 juu ya ardhi. Marumaru yake inahesabiwa kwa mita za ujazo milioni moja. Mbele yake ilichongwa barabara ya kilomita tatu na nusu, iliyopimwa makusudi iipite Champs-Élysées ya Paris. Kupata nafasi, mtaa mzima wa kale wa kilima cha Uranus ulibomolewa na watu karibu 40,000 wakahamishwa, wengi kwa taarifa ya muda mfupi sana. Monasteri ya Văcărești ya karne ya 18 ilivunjwa. Ceaușescu hakuweza kusoma michoro ya kihandisi, hivyo alitengenezewa mifano, na sehemu zilizokwisha kujengwa zilivunjwa na kujengwa upya alipobadili mawazo katika ukaguzi wake.

Katika ubomoaji huo kuna kazi moja inayostahili heshima, ya mhandisi Eugeniu Iordăchescu. Alipoona makanisa yanaangushwa, alipendekeza yahamishwe. Walichimba kuzunguka msingi, wakazifunga kuta kwa mikanda ya zege lenye nondo, wakakata jengo kutoka kwenye msingi wake, na kulikalisha juu ya sinia la zege lililomwagwa chini yake kipande kwa kipande. Sinia likapandishwa kwa jeki, likawekwa juu ya reli, jeki nyingine zikalisukuma taratibu. Hatari kubwa ni upande mmoja kutangulia au kuzama, maana ukuta wa matofali wa karne kadhaa huvumilia mgandamizo lakini hauvumilii kupindwa. Kwa hiyo jeki zote zilipaswa kwenda sawa na vipimo kusomwa kila hatua. Kanisa la Mihai Vodă, la mwisho wa karne ya 16, lilisogezwa hivyo karibu mita 290 mwaka 1985. Liko mzima hadi leo, limefichwa nyuma ya majengo ya ghorofa, kama ilivyotakiwa wakati ule ili lisionekane kutoka barabarani.

Kwa nini watu walivumilia? Polisi wa siri, Securitate, walikuwa na watoa habari kila kiwanda na kila jengo. Kuanzia 1983 hata taipureta iliandikishwa polisi na mwenyewe kukabidhi karatasi yenye alama za herufi zake, ili karatasi ya uchochezi ikiokotwa ajulikane aliyeipiga. Waliojaribu kusema walisema: wachimba makaa wa bonde la Jiu waligoma Agosti 1977, wafanyakazi wa Brașov waliandamana Novemba 1987, wazee sita wa chama waliandika barua ya wazi Machi 1989. Wote walitawanywa, wakahamishwa au wakawekwa kizuizini.

Mwisho ulikuja kwa kasi. Katikati ya Desemba 1989, mjini Timișoara, waumini walizunguka nyumba ya mchungaji László Tőkés kuzuia asifukuzwe, na umati ukakua hadi ukawa maandamano ya mji. Tarehe 17 jeshi lilifyatua risasi. Kesho yake Ceaușescu alisafiri kwenda Iran, ishara ya jinsi alivyokuwa mbali na hali halisi. Desemba 21 aliita mkutano wa hadhara Bucharest, ukarushwa moja kwa moja. Zomeo lilipoanza alinyamaza, akapunga mkono, kisha akaahidi kuongeza mshahara wa chini kutoka lei (fedha ya Romania) 2,000 hadi 2,200. Nyongeza ya lei 200, kwa watu waliokaa miaka saba bila nyama. Kesho yake mchana alipanda helikopta juu ya paa la makao makuu, na kabla ya jioni alikuwa ameshikwa karibu na Târgoviște.

Kesi ya Desemba 25 haikufika hata saa moja. Ceaușescu na mkewe walishtakiwa kwa mauaji ya watu 60,000, idadi isiyo na msingi. Mapinduzi yote yaliua watu wapatao 1,100, wengi wao baada ya yeye kukimbia. Yeye na Elena walipigwa risasi ukutani dakika chache baada ya hukumu. Naamini Waromania walidhulumiwa kwa haraka ile. Kesi ya kweli ingemlazimu aeleze amri 770, mgao na makao ya watoto, kifungu kwa kifungu, na leo isingekuwa rahisi kumuuza kama baba aliyelipa madeni.

Picha za maiti yake zilionekana Afrika. Alikuwa amezuru nchi kadhaa za bara hili mwaka 1972, Tanzania na Zaire zikiwemo, na Mobutu alikuwa rafiki yake wa karibu. Aprili 24, 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Miezi miwili kabla, Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alikuwa amesema kwamba kujadili vyama vingi si dhambi, akiyataja ya Ulaya Mashariki kama funzo.

Nchini Romania kwenyewe hesabu haijafungwa. Watoto wa amri ya 1966, wale nusu milioni wa mwaka 1967, walikuwa na miaka 22 mwaka 1989 na ndio waliojaa barabarani Timișoara na Bucharest. Siku hizi Romania inapata watoto chini ya 200,000 kwa mwaka, na vijana wake mamilioni wanafanya kazi Italia, Hispania na Ujerumani. Wanaume waliozaliwa 1967 watatimiza miaka 65 mwaka 2032, na mfuko wa pensheni utatakiwa kuwalipa wote kwa pamoja.